Mpaka Msimu Uishe

Ijumaa ile foleni ya nyama ilikuwa imejikunja dukani kama mkia wa paka. Kesho yake timu ya Chuo cha Pettaway, waliojiita Mwewe, ilikuwa inafungua msimu, na upande wote wa magharibi wa Birmingham ulikuwa ukinunua mbavu za nguruwe kama watu walioambiwa mafuriko yanakuja. Verlene Mabry hakwenda pale kwa ajili ya mpira. Alikwenda kwa sababu alikuwa amesimama saluni tangu asubuhi akisuka vichwa vya watu, na njaa ilikuwa inamuuma. Akanyoosha mkono kwenye trei ya mwisho ya mbavu. Trei haikuja. Upande wa pili kulikuwa na mkono mwingine.

"Samahani mama, hii nimeiona mimi kwanza."

"Wewe umeiona kwa macho. Mimi nimeishika kwa mkono."

Mwanamume akacheka. Alikuwa mrefu, ndevu zimeanza kuingia mvi, kavaa shati la rangi ya damu ya mzee lenye kola ya dhahabu, rangi za Pettaway, na suruali yake imepigwa pasi hata mstari wake ungekata mkate. Mikono ndiyo iliyotaja kazi yake. Ilikuwa na makovu madogo madogo ya fundi wa viyoyozi.

"Unawapikia wangapi?" akauliza.

"Mimi na tumbo langu."

"Mimi nina watu arobaini wa kulisha kesho kwenye hema, nje ya uwanja."

"Trei moja kwa watu arobaini? Huyo Yesu alikuwa na samaki, baba. Wewe una mbavu. Niachie."

Watu wa foleni wakaangua kicheko. Mwanamume akaachia trei, akainua mikono kama aliyekamatwa na polisi.

"Chukua, malkia. Lakini kesho uje ule na za kwangu, ili ujue umekosa nini. Uwanja wa magari, chini ya taa ya kona. Ulizia hema la akina Hollins. Babu yangu aliegesha pale, baba yangu akaegesha pale, na mimi nikifa sijui nani ataegesha. Naitwa Dorsey."

"Mimi mpira siutaki," Verlene akasema. "Baba yangu alikufa akisema mwaka huu ni wetu. Kila mwezi wa nane, mwaka huu ni wetu. Tukamzika na kofia yake ya Mwewe, na hao Mwewe wenyewe wakafungwa Jumamosi ya mazishi."

"Pole. Lakini baba yako hakumwona Kocha Tisdale."

Hilo ndilo lilikuwa neno la mji mzima mwaka ule. Kocha Tisdale. Alikuja mwezi wa kwanza, mtu mfupi mwenye shingo nene, akasimama madhabahuni katika kanisa la Mount Hebron akasema, "Sikuja kuwafariji. Nimekuja kushinda." Kina mama wakasimama na pepeo zao. Tangu siku hiyo, timu iliyoshinda mechi mbili tu mwaka uliopita ikawa inasemwa vinyozini kana kwamba ni jeshi la Daudi. Watu waliokuwa wamekata tamaa wakatoa jezi zao kabatini, wakazianika juani zitoke harufu ya dawa ya nondo. Wazee walishikana mikono barabarani. Tumaini likishamwingia mtu mwilini, ni gumu kulitoa kuliko homa.

Kesho yake Verlene akajikuta yuko kwenye uwanja wa magari. Alijiambia anafuata mbavu. Alikuwa amevaa gauni la njano la mikono mifupi lililomkaa vizuri kiunoni, na hereni kubwa. Moshi wa majiko ulikuwa umetanda, bendi ya matarumbeta inapita na ngoma kubwa mpaka kifua kinatetemeka, karanga za kuchemsha zinauzwa kwa vikombe, na kila hema lina babu anayejua kuliko kocha. Dorsey akamwona kwa mbali, akaweka koleo chini.

"Jamani! Yule mwizi wa nyama amekuja!"

Dada yake Dorsey, Earline, mwanamke mnene mwenye sauti ya mhubiri, akamtazama Verlene kuanzia hereni mpaka viatu, akamjazia sahani. "Kula, mwanangu. Mtu mwenye aibu hashibi kwetu."

Mchezo wa huko ni ule wa kubeba mpira mkononi, wanaume wamevaa kofia za chuma wanagongana kama kondoo dume. Verlene aliujua tangu tumboni mwa mama yake, ingawa alijifanya hajui. Siku ile Mwewe walishinda. Walishinda hasa, wakawatembeza wageni uwanja mzima, na ilipopulizwa filimbi ya mwisho Dorsey alimgeukia akiwa na machozi.

"Ni wewe," akasema.

"Mimi nimefanya nini?"

"Umekuja. Miaka yote hii hatukuwa na wewe, tukawa tunafungwa. Leo umekuja, tumeshinda. Usibadilishe kitu. Gauni hilohilo, hereni hizohizo, kiti hichohicho. Nikikuona na hereni nyingine nitalia."

Verlene alicheka sana. Hakujua kwamba mwenzake hatanii hata kidogo. Kwa watu wale timu ikishinda hakuna kubadilisha kitu. Mzee Cleophus wa hema la jirani hakufua soksi zake tangu mechi ya kwanza, mpaka mkewe akamhamishia gereji. Earline alichemsha mboga za majani kwenye sufuria ileile yenye mpini uliovunjika, na mtu aliyemletea sufuria mpya alifukuzwa kama aliyeleta nyoka.

Basi mapenzi yakaingia kwa mlango huo wa kicheko. Simu ya Dorsey ililia saluni kila mchana, na wateja wenye vichwa vyenye maji wakawa wanasikiliza.

"Umekula, sukari?"

"Nimekula. Na wewe, fundi?"

"Niko juu ya paa la watu, jua linanikaanga. Nimekukumbuka nikaona nikupigie kabla sijaiva."

"Shuka huko, uje uive hapa."

Alimtengenezea kiyoyozi cha nyumbani akakataa malipo, akakubali pai ya viazi vitamu. Alimpeleka kanisani kwao, akamkalisha benchi la mbele. Jioni wakakaa barazani na chai baridi, naye akamweleza habari za mama yake, na jinsi mke wake wa kwanza alivyokwenda Atlanta asirudi. Verlene naye alikuwa ameachika, na moyo wake ulikuwa kama nyumba iliyofungwa madirisha. Taratibu akafungua moja, akafungua jingine. Siku Dorsey alipomwambia, "Nakupenda, Verlene, na wala sijanywa kitu," Verlene alikuwa amekwisha kumpenda zamani.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Viti vya akina Hollins vilikuwa juu kabisa ya uwanja, karibu na bendera, vya tangu enzi ya babu. Ngazi zake zilikuwa ndefu, na Dorsey akizipanda alikuwa anapauka. Mkono unakwenda kifuani, jasho linamtoka kwenye paji la uso hata siku ya baridi. Akiulizwa anasema, "Moshi wa nyama, mpenzi." Verlene hakubishana. Alimjua mwanamume wake. Mwanamume wa namna ile ukimwambia pumzika ndio anakimbia. Kwa hiyo akawa anafanya hila. Wakifika katikati ya ngazi yeye ndiye anasimama, anashika magoti, anahema.

"Ngoja, Dorsey, nimechoka. Viatu hivi vinaniua."

"Kila wiki viatu! Nunua vingine."

"Si umesema nisibadilishe kitu?"

Naye anakaa pale kwenye ngazi kando yake, anacheka, pumzi inamrudia, kisha wanaendelea. Ndivyo walivyopanda msimu mzima. Yeye alidhani anamdanganya Dorsey, na huenda Dorsey alijua akanyamaza.

Mwewe wakashinda, wakashinda tena. Magazeti yaliyokuwa hayawaandiki yakaanza kuleta wapiga picha. Baridi ikaingia, na Verlene bado kavaa gauni la njano la mikono mifupi, chini yake nguo za sufu mbili, juu koti analolivua mechi ikianza. Wanawake wa saluni wakamwita Bi Baraka. Mwanzoni ilimfurahisha. Lakini siku moja aliamka na mafua makali, akampigia simu Dorsey.

"Leo siwezi kuja, mpenzi. Kichwa kinapasuka."

"Hata kwa nusu ya kwanza tu?"

"Dorsey, naumwa."

"Nitakuletea supu. Nitakufunika blanketi. Nitakubeba mgongoni. Njoo tu, malkia, njoo ukae pale."

Akaenda, akakaa, akatetemeka, wakashinda. Usiku akiwa kitandani akajiuliza kitu ambacho hakutaka kujiuliza: huyu alikuwa ananiletea supu mimi, au alikuwa analetea supu kile kiti?

Kisha ikaja Jumamosi ya Dunleavy, chuo cha ng'ambo ya mto, watani wao wa jadi. Ilikuwa ndiyo mechi ya mwisho kwenye ratiba. Pettaway hawakuwa wamewafunga Dunleavy tangu Earline yuko msichana. Siku ile wakawafunga, katika mvua, kwa mpira mmoja mrefu uliodakwa na kijana mwembamba wakati watu wameshaanza kufunika macho. Uwanja uliruka. Dorsey aliruka mara moja, kisha akakaa ghafla kama mtu aliyevutwa shati kwa nyuma, midomo yake imekuwa ya kijivu.

Waliporudi hemani watu walikuwa wanacheza kwenye matope. Earline hakucheza. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la barafu, analia, na machozi yake hayakuwa ya furaha.

"Dada Earline, kuna nini?" Verlene akachutama mbele yake.

"Wameshinda," Earline akasema. "Wameshinda, sasa kuna fainali. Nilikuwa naomba leo iwe mwisho. Mungu anisamehe, niliwaombea Dunleavy."

"Kwa nini?"

"Hajakwambia?" Earline akamtazama. "Jamani, hajakwambia. Ana mshipa mkubwa wa moyo umevimba, Verlene. Umevimba kama mpira wa baiskeli unaotaka kutoboka. Daktari alimwambia tangu mwezi wa nane apasuliwe. Akasema mpaka msimu uishe. Daktari akamwambia hatari, yeye akasema msimu wa Pettaway unajulikana, unakwisha mapema, kila mwaka unakwisha kabla ya sikukuu ya bata mzinga ya mwezi wa kumi na moja. Alipangiwa Jumatatu hii. Na sasa huyo Tisdale anashinda, anashinda, na ndugu yangu anaahirisha. Sikio la kufa halisikii dawa."

Verlene akasimama. Magoti yake yalikuwa na matope. Akamkuta Dorsey nyuma ya gari, anazima jiko.

"Jumatatu unakwenda hospitali?"

Akajua mara moja. "Earline ana mdomo kama tarumbeta."

"Nimekuuliza."

"Nimeshawapigia. Wiki moja tu, Verlene. Fainali iko hapahapa nyumbani kwetu, Jumamosi ijayo. Baada ya hapo nitalala kwenye meza yao wanikate watakavyo."

"Mshipa wako unasoma ratiba ya mpira?"

"Nimekaa nao miezi yote hii haujanifanya kitu. Mambo yote yamekaa vizuri, hujaona? Wewe, timu, mimi. Nikigusa kimoja nitaharibu vyote."

"Vyote ni nini? Mimi ni kimoja cha nini?" Sauti yake ikapanda, na watu wa hema la jirani wakaacha kucheza. "Niambie, Dorsey Hollins. Unanipenda mimi, au unaipenda bahati yako?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa pumzi moja. Dorsey akafungua mdomo. Akamtazama, akatazama gauni la njano lililolowa mvua, na katika kutazama kule akachelewa. Hakuchelewa sana. Lakini mwanamke aliyewahi kuachwa hahitaji muda mrefu.

"Basi," Verlene akasema. "Nimekuelewa. Jumamosi sitakuja. Na ninaomba wafungwe."

"Usiseme hivyo!" Akanyoosha mkono kumziba mdomo, kama mtu anavyomziba mtoto anayetukana kanisani. Verlene akaupangua ule mkono na kuondoka.

Wiki ile simu ya saluni ililia kama kawaida, ila mazungumzo hayakuwa ya kawaida.

"Nenda hospitali, Dorsey."

"Jumapili asubuhi. Naapa. Daktari Whitlock amekubali, ila amenitukana."

"Nenda leo."

"Njoo Jumamosi, mpenzi."

"Nenda leo, nami Jumamosi nitakaa na wewe wodini na gauni hilo, na hereni, na viatu, tutaangalia kwenye televisheni."

"Televisheni si kiti."

Akakata simu. Akapiga tena jioni. "Umekula, sukari?" Verlene akasikia pumzi yake, fupi, inakwaruza. Alitaka kusema naja kukuchukua. Badala yake akasema, "Ukila hospitali ndipo nitakujibu," akakata yeye.

Msimlaumu upesi. Kuna jambo alilokuwa analipanga ambalo hakumwambia mtu, kwa sababu lilimwaibisha. Yeye aliyekuja pale akicheka soksi za Mzee Cleophus, yeye aliyemzika baba yake na kofia, alikuwa ameanza kuamini. Alikuwa ameona kwa macho yake: akikaa pale wanashinda. Kwa hiyo asipokaa, watafungwa. Wakifungwa, msimu umekwisha kabisa, hakuna cha kungojea tena, na Jumapili Dorsey ataingia mikononi mwa daktari bila kisingizio. Akishinda Tisdale, nani ajue? Kutatokea mechi nyingine ya heshima huko Atlanta, na Dorsey atasema wiki mbili tu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa haikuwa tumbo. Hivyo akaamua kumwokoa mwanamume wake kwa kuifungisha timu yake.

Jumamosi ya fainali aliamka akavaa sketi nyeusi na sweta ya kijivu. Akabadilisha hereni. Akabadilisha hata upande wa kitanda alioamkia. Kila alichokigusa siku za mechi, siku ile alikigusa kinyume, kama mtu anayefumua nywele alizozisuka. Redio hakuiwasha. Akakaa jikoni na kikombe cha kahawa, akasikia kwa mbali ngoma za bendi zikipita barabara kuu, akasema kwa sauti, "Wafungwe. Bwana, wafungwe tu."

Simu ikalia kabla mechi haijaanza. Alidhani ni Dorsey, akaiacha ilie kwanza. Ikakatika, ikalia tena. Alikuwa Earline.

"Njoo hospitali. Ameanguka."

"Ameanguka wapi?"

"Kwenye ngazi. Alipanda peke yake, Verlene. Nilimwambia anigoje nimalize kufunga chakula nije nimshike mkono, akasema anawahi kiti chako mtu asije akakikalia. Amezipanda zote bila kupumzika. Amefika juu kabisa, ndipo akaanguka."

Verlene hakukumbuka baadaye alivyofika. Alikumbuka tu kwamba barabara zilikuwa tupu, mji mzima umo uwanjani, na taa zote zilimkuta nyekundu. Ngazi zile zilikuwa zinapanda kichwani mwake. Katikati pale, pale pa viatu, hakukuwa na mtu wa kusema nimechoka.

Walimwacha aingie dakika chache tu, wakati wanatayarisha chumba cha upasuaji. Daktari Whitlock, mwanamke wa makamo mwenye macho yaliyochoka, alimwambia mlangoni bila kuzunguka, "Mshipa umeanza kupasuka. Tungemkata mwezi wa tisa ningekwambia nenda nyumbani ukapike. Leo nakwambia omba."

Dorsey alikuwa amelala na mirija ya hewa puani, shati lake la rangi ya damu ya mzee limekatwa kwa mkasi likaning'inia pande mbili. Ukutani televisheni ilikuwa inawaonyesha Mwewe wanaingia uwanjani, moshi unafuka, watu wanapunga vitambaa. Macho yake hayakuwa kwenye televisheni. Yalikuwa mlangoni.

"Umebadilisha hereni," akasema.

Hapo Verlene ndipo alipoanguka kando ya kitanda. "Nisamehe. Nilitaka wafungwe. Nilitaka uishe tu. Sikujua utapanda peke yako, Dorsey, sikufikiri ngazi, nilifikiri timu tu, Mungu wangu, nilifikiri kama wewe."

"Nyamaza, malkia. Nyamaza." Mkono wake ulitafuta kichwa cha Verlene. "Wewe, nesi. Zima hiyo."

Nesi akageuka. "Ndiyo kwanza inaanza, mzee. Nilidhani utataka—"

"Izime, binti."

Ikabaki sauti ya mashine tu. Dorsey akameza mate.

"Uliniuliza swali nikachelewa," akasema. "Ujue kwa nini nilichelewa? Niliogopa. Nilijua siku nyingi kwamba huu mshipa utaniua. Nikiwa peke yangu haikunisumbua sana. Kisha ukanipokonya nyama. Nikaanza kushinda, kila Jumamosi nashinda, nikasema bahati hii ikikatika hata wewe utakatika. Sikujua tena kipi kimeshikilia kipi. Nilikuwa mjinga, Verlene. Ningekupenda hata tungefungwa zote."

"Najua."

"Hujui. Nimechelewa kukwambia." Akafumba macho, akayafumbua. "Nikitoka humo utanioa?"

"Mwanamume ndiye anaoa, mjinga wewe."

"Basi nikuoe?"

"Ndiyo. Nioe. Ukitaka nioe sasa hivi."

"Sasa hivi nina miadi." Akajaribu kucheka, uso ukajikunja kwa maumivu. "Jumamosi ya mwezi wa nne. Hakuna mpira mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne," Verlene akasema, akambusu paji la uso, likiwa baridi na lenye chumvi. Wakaja wanaume wawili wenye kofia za kijani, wakaachia breki za kitanda, wakamsukuma. Magurudumu yalikuwa na moja linalolia. Alilisikia mpaka mlango wa mwisho.

Hospitali ile haiko mbali na uwanja. Verlene na Earline walikaa kwenye viti vya plastiki, dirisha limefungwa, na bado sauti ilikuwa inaingia. Kila mara ilikuja kama upepo mkubwa, kisha inatulia. Earline alikuwa anajua kuzisoma sauti zile tangu utotoni. Mara ya kwanza akasema, "Hao ni sisi." Mara nyingine akakaa kimya, Verlene akajua ni wale wengine. Baadaye hakusema tena. Wakashikana mikono tu, mikono ya wanawake wawili waliozoea kazi, na kila mmoja akaogopa kuachia wa kwanza.

Daktari Whitlock alitoka jua likiwa bado linawaka kwenye madirisha ya upande wa magharibi. Alikuwa amevua kofia yake, kaishika mbele kwa mikono miwili. Earline akasema, "Usiseme. Usiseme, mama." Daktari akasema. Alisema walijaribu, mshipa ulikuwa umeoza kama kitambaa cha zamani, kila walipotia uzi ulichanika. Na katikati ya maneno yake ikaja sauti ile kutoka uwanjani, kubwa kuliko zote, isiyokatika, na baada yake honi, moja, kumi, mji mzima.

Earline alibaki ndani kutia saini na kuwapigia ndugu. Verlene akasema anakwenda kuvuta hewa. Akatoka mlango wa mbele na sweta yake ya kijivu, akaingia katikati ya watu. Barabara ilikuwa imejaa. Magari yamesimama ovyo, wazee wanacheza juu ya boneti, wasichana wamepaka nyuso rangi ya damu ya mzee na dhahabu, mtu anapiga tarumbeta akiwa amening'inia dirishani. Hakujua anakokwenda. Alikuwa analia wazi, kamasi na machozi, bila kujifuta.

Bibi mmoja mwenye kofia ya Mwewe na koti refu akamwona, akafungua mikono yote miwili, akamkumbatia kifuani kama mtoto wake aliyepotea.

"Lia, mwanangu, lia! Usione haya!" bibi akapiga kelele sikioni mwake kushinda zile honi. "Nani asilie siku kama hii? Tumengoja sana!"

Verlene alitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini uso wa yule bibi ulikuwa karibu, una makunyanzi, umelowa machozi, na furaha iliyomo mle ilikuwa ya kweli, na ilikuwa imechukua maisha yake yote kufika. Atamwambia ili iweje?

"Ndiyo, mama," akasema. "Tulingoja mno."

"Mno!" bibi akaitika, akambana zaidi, akaanza kumyumbisha kushoto na kulia kwa mdundo wa ngoma iliyokuwa inakuja.